Skafu haina upande wa ndani: jibu kwa mama wa Makorora

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo bibi. Niko Makorora, Tanga. Binti yangu wa miaka 6 anakwenda kukaa kwa shangazi yake Lushoto na ataanza shule hukohuko. Baridi ya kule mwezi wa saba naijua, kwa hiyo nimeanza kumfumia skafu ndogo ya milia myekundu na myeupe, kila rangi mistari mitatu. Uzi mweupe nimenunua dukani Ngamiani, mwekundu nimeufumua kwenye sweta la mtumba. Nimefika nusu na sina raha nayo. Inajiviringa mpaka haijulikani kuwa ni skafu, pembeni nyuzi zinaning'inia kila rangi inapobadilika, na upande wa nyuma sitaki mtu auone. Jirani yangu anasema niipige pasi itatulia. Mtoto naye anataka kopa katikati. Nifumue au niendelee?"

Marahaba mwanangu. Fumua. Nakujibu hilo mwanzoni kabisa ili usiongeze mistari mingine wakati unasoma yanayofuata.

Wala usifumue kwa huzuni, maana mikono yako haina kasoro. Mtu ambaye mkono wake haujakaa sawa hulalamikia matundu, vitanzi vilivyodondoka, au skafu inayoanza nyembamba na kumalizikia pana. Wewe hujataja hata kimoja katika hivyo. Ulichokitaja ni mambo matatu yanayotokana na maamuzi mawili uliyofanya kabla hujaanza: aina ya mshono, na idadi ya mistari katika kila mlia. Hayo mawili ukiyabadilisha, yale matatu yote yanaondoka.

Skafu si sweta. Sweta lina ndani na nje. Mfumaji wa sweta anaruhusiwa kuficha mafundo, mikia ya nyuzi na kila kisichopendeza upande wa ndani, kwa sababu upande huo unalala juu ya mwili na hakuna atakayeuona. Skafu haina ndani. Mtoto akiizungusha shingoni mara moja tu, nusu yake imekwisha geuka. Akikimbia, ncha zinapeperuka na kuonyesha pande zote mbili. Ndiyo maana mimi mwanafunzi akiniambia anataka kufuma skafu ya rangi mbili, simuulizi rangi gani. Namuuliza: nyuma itakuwaje?

Sasa tuingie kwenye kujiviringa. Naamini unafuma mstari wa kwenda kwa mshono wa mbele (uzi ukiwa nyuma ya sindano) na wa kurudi kwa mshono wa nyuma (uzi ukiwa mbele ya sindano), ule ufumaji unaotoa uso laini wenye herufi V ndogondogo zilizopangana. Wengi tumeanza na huo kwa sababu ndio wa masweta ya shule. Lakini kila kitanzi ni uzi uliokunjwa, na uzi uliokunjwa unataka kujinyoosha. Ukivipanga vitanzi vyote vikatazama upande mmoja, vyote vinavuta kwa pamoja: kingo za kushoto na kulia zinakwenda nyuma, ncha za juu na chini zinakuja mbele. Kwenye sweta huoni shida hiyo, kwa kuwa pembeni pameshonwa na chini pana mkanda wa kuvutika. Skafu haina cha kuizuia, inageuka bomba.

Kwa kawaida pasi haiondoi nguvu hiyo. Na kama uzi wako mweupe ni akriliki, kama ulivyo uzi mwingi wa madukani, pasi ya moto itaua uzi wenyewe. Nyuzi za akriliki zikipata joto kali zinalegea moja kwa moja. Skafu italala kweli, jirani yako hajasema uongo, lakini italala imekufa: haina tena ule mvutano, inang'aa vibaya, na haitarudi ilivyokuwa hata uifue mara ngapi. Mwambie jirani ahsante, pasi abaki nayo.

Dawa yake ni rahisi kuliko unachokifanya sasa. Fuma mshono wa mbele mistari yote, ya kwenda na ya kurudi. Sahau mshono wa nyuma kabisa. Utapata matuta madogo yaliyolala, pande zote mbili. Mstari mmoja unavuta mbele, unaofuata unavuta nyuma, na mwisho wake hakuna anayeshinda. Skafu inalala yenyewe hata kabla hujaifua. Tena ni nene na ina nafasi za hewa katikati ya matuta, na hewa iliyotulia ndiyo inayompa mtoto joto huko milimani. Kuna wafumaji wanaodharau ufumaji huu kwa sababu ndio wa kwanza kufundishwa. Mimi kwa skafu ya mtoto sioni ulio bora zaidi.

Tuje kwenye nyuzi zinazoning'inia, ambalo ndilo jambo lililonifanya niandike jibu refu. Umefuma mistari mitatu kwa kila rangi. Fuatilia uzi wako mwekundu: mstari wa kwanza unatoka kulia kwenda kushoto, wa pili unarudi kulia, wa tatu unakwenda kushoto tena. Hapo ukashika mweupe, ukafuma mitatu: kurudi, kwenda, kurudi. Sasa uko ukingo wa kulia na unautaka mwekundu, lakini mwekundu uliuacha ukingo wa kushoto. Huwezi kuufikia. Ukakata, ukaunga. Na umefanya hivyo kila mlia tangu mwanzo, ndiyo maana pembeni pana ndevu.

Idadi ya mistari iwe shufwa: miwili, au minne. Ikiwa shufwa, uzi uliouacha unakusubiri palepale utakapouhitaji, ukingo uleule, na hukati chochote. Hii ni kanuni ya kila mlia wa sindano mbili, na ukiishika utafuma skafu nzima ukiwa na mikia michache tu ya kuficha.

Kwa skafu hii nakushauri mistari miwili kwa kila rangi. Miwili inafanya tuta moja, kwa hiyo utaona tuta jekundu, tuta jeupe, tuta jekundu. Upande wa mbele mpaka kati ya rangi na rangi unakuwa umenyooka. Upande wa pili mpaka unavunjika: vidoto vyeupe vinapenya kwenye vyekundu na vyekundu kwenye vyeupe. Hiyo si kasoro. Ni sura ya pili ya kitambaa hichohicho, na wako watu, mimi mmoja wao, wanaoupenda upande huo wa vidoto kuliko ule wa milia. Ili usichanganyikiwe katikati ya kazi ni upande upi unaanzia, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine upande wa mbele, karibu na ukingo wa kulia. Rangi zote hubadilishwa hapo tu.

Jinsi ya kubadilisha: umemaliza mistari miwili ya mwekundu, umegeuza kazi, uko ukingo wa kulia. Nyuzi zote mbili zinaning'inia hapo. Uache mwekundu uje mbele yako, upande wa kifuani. Uchukue mweupe kwa kuupitisha nyuma ya mwekundu, uingize sindano kwenye kitanzi cha kwanza, ufume. Kabla hujakaza kitanzi hicho, shika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada uunyooshe kidogo kwenda chini, halafu ndipo ukaze. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanauvuta ule uzi unaopanda ukingoni mpaka unakuwa mfupi kuliko skafu yenyewe, na baada ya milia michache ukingo wa kulia umejikunja wakati wa kushoto umenyooka. Uzi unaopanda lazima uwe na urefu sawa na ukingo ukiwa umenyooshwa. Na kila mara mweupe upite nyuma ya mwekundu, na zamu ya mwekundu ikifika, nao upite nyuma ya mweupe. Ukifuata mpangilio mmoja bila kuugeuza, ukingoni panajitengeneza kamba nyembamba ya rangi mbili. Waliosuka ukili wananielewa: mkeka unajulikana fundi wake ukingoni, pale miyaa inapogeuka, si katikati.

Madonge mawili yatajizungushia. Weka jekundu kulia kwako na jeupe kushoto, na unapogeuza kazi, mara moja igeuze kwa kulia, mara nyingine kwa kushoto. Kinachosokotwa kwenye mstari huu kinasokotoka kwenye unaofuata.

Sasa uzi wako mwekundu, maana hapa naona hatari kubwa kuliko zote ulizoniuliza. Mwekundu na mweupe ni jozi nzuri, watu wa Tanga wanaozifuata rangi za timu ya Coastal Union hawahitaji kuambiwa. Lakini wekundu ni rangi inayotoka kirahisi, na uzi wa mtumba hujui ulitiwa rangi wapi wala namna gani. Ukafuma wiki nzima, ukaifua siku moja, milia myeupe yote ikawa ya waridi: hilo halina dawa.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha hata kitanzi kimoja sindanoni, kata uzi mwekundu wa urefu wa mkono, na mweupe urefu uleule. Visokote pamoja, vitie kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, viache nusu saa. Vitoe, vikamue, vifungie ndani ya kitambaa cheupe kikavu na uvibonyeze kwa nguvu. Kisha fungua utazame kitambaa na ule uzi mweupe. Kama ni safi, endelea na kazi. Kama kuna wekundu, basi uzi wote mwekundu ufuliwe kabla ya kufumwa, usuuzwe na usuuzwe tena mpaka maji yatoke meupe, halafu rudia jaribio. Ukiona bado unatoa, usiufume na mweupe. Utafutie mwenzake wa rangi nzito. Utaambiwa utie chumvi au siki. Kwa pamba iliyotiwa rangi kiwandani, chumvi ya jikoni haifungi kitu na siki haifungi kitu. Kinachosaidia ni kuitoa ile rangi ya ziada kwa maji mpaka iishe.

Jambo la pili juu ya uzi huo: ni wa nini? Sweta la mtumba laweza kuwa la sufu ya kondoo, la akriliki, la pamba, au mchanganyiko. Kata kipande cha nusu kidole, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, mtoto akiwa mbali, ukiguse kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Pamba inanuka karatasi iliyoungua. Akriliki inayeyuka na kuacha kipira kigumu cheusi, usikiguse mpaka kipoe. Ukijua hivyo utajua namna ya kuifua skafu. Sufu safi ikipata maji ya moto na kusuguliwa inajikaza na kugandamana, na akriliki haifanyi hivyo. Ukiwa na tuta la sufu na tuta la akriliki kwenye skafu moja, ufuaji mmoja wa maji ya moto utaifanya ikunjamane yote. Si kwamba haziwezi kukaa pamoja, zinakaa, ila shangazi wa Lushoto aambiwe: maji ya baridi, kwa mkono, bila kusugua.

Na kama uzi uliofumuliwa bado una mawimbi, usiufume hivyohivyo, vitanzi vitatoka vikubwa na vidogo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitita kirefu, ukifunge legelege sehemu nne kisijivuruge, ukiloweke, kisha ukitundike kivulini na kitu chepesi chini yake, chupa ndogo ya maji inatosha. Kikikauka kimenyooka. Siku nyingine ukichagua sweta la kufumua, ligeuze ndani nje kabla hujalilipia utazame mishono ya ubavuni. Ukiona ovaloki, yaani kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa mashine, liache. Kitambaa kilikatwa, kila mstari utakatikia ubavuni, utaondoka na vipande vya urefu wa kifua. Ukiona vipande viwili vyenye kingo kamili vimeunganishwa kwa mshono unaofunguka, hilo ndilo. Uzi utatoka mmoja mrefu mpaka uchoke kuzungusha.

Sindano. Dukani utasikia namba 8, na hapo uliza: namba 8 ya zamani ya Kiingereza au milimita 8? Namba ya zamani inakwenda kinyume, ikipanda sindano inapungua unene. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 6 ni milimita 5. Kwa uzi wa unene wa kati, ule ambao karatasi yake imeandikwa DK, milimita 4 ndiyo saizi yake. Tena angalia ni za nini. Hewa ya chumvi ya Tanga inatia kutu chuma chochote kisicho kizuri, na kutu kwenye uzi mweupe ni doa baya. Sindano za mwanzi, za plastiki au za alumini hazina tatizo hilo. Pini za kawaida usiziache kwenye kazi usiku kucha. Doa la kutu likishaingia kwenye sehemu nyeupe, paka ndimu na chumvi, liache kidogo, suuza vizuri. Mara nyingi linatoka. Miezi ya kaskazi, mikono inapotoa jasho, uzi unakwama sindanoni na vitanzi vinakazika bila wewe kutaka. Fuma asubuhi, nawa mikono, na donge jeupe likae ndani ya mfuko, uzi utoke tu.

Sasa vipimo. Fuma kwanza kipande cha majaribio: vitanzi 24, mistari 44, mshono wa mbele yote. Kilaze bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Kwa uzi huo na sindano hiyo vitakaribia 20, na mistari itakaribia 40, yaani matuta 20. Wewe ukipata 18, fuma 27 pale ninaposema 30. Usiruke hatua hii kwa kuwa skafu "haina saizi". Ya mtoto wa miaka 6 inayo.

Na hapa nataka nikushawishi uache skafu ndefu ya kuzungusha mara mbili. Mtoto wa umri huo anakimbia, anapanda, anashikwa na wenzake. Skafu ndefu ikinasa mahali inamkaba. Mfumie fupi yenye mpasuo: ncha moja inapita ndani ya mpasuo, inakaa kifuani bila fundo, haidondoki, na ikivutwa inachomoka. Upana sentimita 15, urefu 70. Gramu 50 za kila rangi zinatosha na utabakiwa.

Pandisha vitanzi 30 kwa uzi mwekundu, usivikaze. Ukizoea kukaza, tumia sindano ya milimita 4.5 kwa kupandisha tu. Fuma mistari miwili myekundu, miwili myeupe, mpaka ufike mistari 60. Hiyo ni kama sentimita 15, na utakuwa umemaliza na tuta jeupe. Hapo unaingia kwenye mpasuo, na rangi mbili zinakusaidia.

Kwa mwekundu, fuma vitanzi 15 vya kwanza tu. Geuza, rudi. Endelea na hivyo 15 peke yake mpaka ufikishe mistari 28, vile 15 vya kushoto vikisubiri sindanoni au kwenye uzi wa akiba. Uzi mweupe ulioko ukingoni usiuache nyuma: kila baada ya mistari miwili uzungushe mara moja na mwekundu, upande nao. Ukimaliza mistari 28 uko ukingo wa kulia, simama. Sasa kata uzi mweupe wa mita 8 kutoka ncha nyingine ya donge. Ingia kwenye vitanzi 15 vya kushoto kuanzia katikati ya skafu, acha mkia wa sentimita 15, fuma navyo mistari 28. Utamalizia katikati hapohapo. Unazo nusu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, na nafasi ya sentimita 7 kati yake. Rudi ukingo wa kulia, chukua ule mweupe uliopanda nawe, fuma vitanzi vyote 30 kwa mkupuo. Mpasuo umejifunga juu. Kitanzi cha 15 na cha 16 vivute vizuri ili pembe isiachame, na ile mikia miwili ya katikati uitumie baadaye kukaza pembe za juu na chini kwa sindano ya mkono, maana hapo ndipo patakapovutwa kila siku.

Kuanzia hapo endelea miwili myeupe, miwili myekundu, mpaka uwe umeongeza mistari 192. Jumla 280. Utamaliza na mwekundu kama ulivyoanza. Ufungaji wa vitanzi uwe legelege, sindano ya milimita 4.5 tena, na hakikisha mapema uzi uliobaki ni walau mara nne ya upana wa skafu, usije ukaishiwa na vitanzi vitano mkononi.

Kuhusu kopa. Mtoto kaomba, na sitaki umkatalie bila kujua sababu. Njia inayojulikana sana ya kuchora kwa rangi mbili ni ile ya kubeba nyuzi zote mbili kwenye mstari mmoja, unafuma na huu, ule unapita nyuma ukingoja zamu yake. Kisiwa cha Fair Isle huko Scotland, kati ya Orkney na Shetland, kimepata jina duniani kwa ufumaji huo, hasa baada ya mwana mfalme wa Uingereza kuonekana amevaa sweta la huko miaka ya 1920. Ni kazi ya kupendeza mno, na kawaida yake ni rangi mbili tu kwa mstari. Lakini ni kazi ya sweta. Nyuma yake ni nyuzi zilizolala wazi kutoka kitanzi hadi kitanzi; kwenye skafu zinaonekana, na vidole vya mtoto, vifungo na miiba ya njiani vitazinasa. Wanaoitumia kwa skafu hufuma bomba la mzunguko, nyuzi zikafichwa ndani, na skafu inakuwa nene mara mbili.

Inayofaa skafu ni ya tabaka mbili. Unapandisha vitanzi mara mbili ya upana unaoutaka, na kila kitanzi cha mbele kina mwenzake wa nyuma. Nyuzi zote mbili zikiwa nyuma, fuma cha mbele kwa mwekundu, mshono wa mbele. Lete nyuzi zote mbili mbele, fuma mwenzake kwa mweupe, mshono wa nyuma. Rudisha zote nyuma, endelea na jozi inayofuata. Vitambaa viwili vinakua kwa pamoja vimepeana migongo, chekundu huku, cheupe kule. Unapofika mahali pa kopa unabadilishana tu: cha mbele kwa mweupe, cha nyuma kwa mwekundu. Kopa linatokea jeupe kwenye wekundu, na ukigeuza ni jekundu kwenye weupe. Hakuna uzi unaoning'inia popote. Ila ni polepole, na kwa tabaka mbili ukisahau kuhamisha uzi mmoja tu, vitambaa vinashikana. Usijifunzie kwenye skafu inayosubiriwa na safari. Jaribu kipande cha jozi 15, kikitoka vizuri kitakuwa mfuko wa penseli. Kwa sasa mfumie kopa dogo kwa kroshia, jekundu, ulishone kwenye ile nusu nyeupe ya mpasuo, mahali panapokaa chini ya kidevu. Mshono upite kwenye matuta bila kutokea upande wa pili.

Kumalizia. Mikia ya nyuzi usiifunge mafundo, fundo litamkwaruza shingoni. Chukua sindano butu ya jicho kubwa, upitishe mkia ndani ya tuta la rangi yake kwa sentimita 5, kisha urudi kwenye tuta la jirani la rangi hiyohiyo, upande wa kinyume. Akriliki inateleza, safari moja haitoshi. Ukishafanya hivyo vuta skafu kwa pande zote, ndipo ukate kilichobaki.

Iloweke kwenye maji ya baridi yenye sabuni kidogo, dakika kumi tu. Usiinyonge. Izungushie taulo, ubonyeze taulo kwa viganja, kisha uilaze juu ya mkeka kivulini, uinyooshe kwa mkono mpaka kingo mbili ziwe sawa na rula ikubali sentimita 15 kila mahali. Kamba ya nguo haifai, uzito wa maji utairefusha na jua kali litaupausha wekundu. Ikikauka mvalishe mtoto, upitishe ncha kwenye mpasuo, umwambie aitoe mwenyewe bila msaada. Ikimshinda, vile vitanzi vya pembe umevikaza mno. Vilegeze kabla hajapanda gari la Lushoto.